Damu ya Mzee, Usinywe

Kimya alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anafagia, alipokiona. Kipande cha barafu kilikuwa kimeruka kutoka kwenye glasi ya shangazi yake kikatua sakafuni, palepale ilipomwagika rangi nyeusi ya unga asubuhi ile. Barafu ilikuwa inayeyuka polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Na ile nyeusi, badala ya kubaki nyeusi kama kopo lilivyoahidi, ilikuwa inaachana. Upande mmoja ilitoka bluu, upande wa pili zambarau. Pembeni kabisa, pale maji yalipofika yakachoka, palikuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya kutu.

Kumbe, alijisemea moyoni, maana mambo yake mengi aliyasemea humo, kumbe nyeusi haiko peke yake. Imebeba wenzake.

"We Kimya! Umelala huko chini au umeolewa na ufagio?"

"Nafagia, Shangazi."

"Mbona ufagio siusikii?"

Kimya akaufanya ufagio usikike, lakini lile tone hakulifagia.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mtia rangi. Alikuwa na sufuria tatu kubwa, mwiko mrefu kama jembe, na sheria mbili. Sheria ya kwanza ilihusu rangi: ikiwa moja ni rangi, ikiwa mbili ni doa. Kitambaa kikitoka kwake chekundu, kilikuwa chekundu kuanzia pindo hadi pindo, na ole wake atakayeona alama. Sheria ya pili ilihusu meza ya makopo, ile iliyokaa dirishani, yenye mizani na vijiko vya kupimia. "Asiyesoma kopo hashiki kopo," alisema, na hakuna aliyehitaji kuuliza anaambiwa nani. Kimya alichota maji, alikoroga, alisuuza, alianika. Mezani hakukanyaga.

Na meza ile ndiyo aliyoitaka, usiku na mchana.

Mtaa mzima ulijua kwamba Kimya hajui kusoma, kwa kuwa aliacha shule darasa la nne, na kwa kuwa Shangazi alimwambia kila mteja aliyeingia. Mtaa mzima ulikosea. Kimya alijua kusoma. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, lakini alifika. Kilichokuwa hakifiki ni sauti. Siku moja, darasa la nne, mwalimu alimsimamisha asome sentensi moja tu kitabuni, sentensi ya paka aliyelala juu ya paa. Kimya akameza mate, akafungua kinywa, akasoma: "Paa amelala juu ya paka."

Darasa lilicheka mpaka dawati likaanguka. Hata mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo wakamwita Paa, na wengine wakamuuliza yule paka anaendeleaje. Mama yake alipougua na akahitajika mtu wa kukaa nyumbani, Kimya alijitolea kabla hajaulizwa, na shuleni hakurudi tena. Miaka minane sasa. Ile sentensi haikupita tena midomoni mwake, iwe kwa makosa au kwa usahihi.

Basi, siku ile ya tone, Kimya alianza ujanja wake. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe kisicho na kazi, akakiloweka kwenye maji ya magadi kama alivyozoea kuona, akakikamua, akakifinyangafinyanga juu ya wavu wa feni mbovu, na chini yake akaweka beseni. Juu akalundika barafu. Juu ya barafu akanyunyiza vumbi la rangi alilokomba sakafuni, maana sakafu haina sheria. Akaacha hadi kesho yake.

Cha kwanza kilitoka kama kidonda. Cha pili kilitoka kama kidonda kinachopona. Cha tatu alikitazama kwa muda mrefu, akakificha chini ya godoro.

Uzi ndio uliomsumbua. Kila aliponyunyiza unga juu ya shada la uzi, lilitoka na madoadoa kama limeugua surua. Alikuwa anataka rangi ipande yenyewe, ianze kwa kunong'ona imalize kwa kupaza sauti. Siku ya nne akapata wazo. Akaikoroga rangi ndani ya maji kwanza, akaigandisha kwenye vifuko vya nailoni, vingine rangi kidogo, vingine nyingi. Kisha akainua upande mmoja wa wavu kwa tofali. Juu akaweka barafu nyepesi, katikati ya wastani, chini ile nzito. Maji ya juu yakawa yanateremka kwa adabu, yakipita kwa wenzao na kusalimiana nao, na magadi yaliyokuwa ndani ya uzi yakayashika yote yasitoroke. Alipolisuuza shada lile, lilianza jeupe lenye haya, likaenda likikolea, likakolea, mpaka mwisho wake likawa limejua ni rangi gani.

Siku moja Shangazi alikosa kamba ya kufungia mzigo wa Bibi Sindano, akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha kwanza kilichopatikana. Kesho yake Bibi Sindano akarudi. Alikuwa bibi mfumaji, mwembamba, mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye nywele kama pembe.

"Vitambaa vyako vyekundu ni vizuri," alimwambia Shangazi, "lakini mimi nimekuja kuuliza habari za kamba."

"Kamba gani, bibi?"

Akaitoa. Bluu iliyokuwa ikizama kwenye zambarau.

Shangazi akaigeuza, akaigeuza tena. "Nani kakitapikia kitambaa?"

Kimya aliangalia sufuria kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Nataka hivi," alisema Bibi Sindano. "Mashada sita ya uzi, na kitambaa cha kushonea nyuma yake. Damu ya mzee, ianze na waridi changa. Blanketi la dada yangu. Jumamosi naondoka kwenda kwake."

Shangazi alimtazama bibi, akamtazama mpwa wake, akautazama ule wavu wa feni wenye barafu, akavuta pumzi. Mteja alipoondoka alisema, "Haya, mwenye barafu. Nitakupimia rangi mimi mwenyewe, maana kopo hulijui. Ukifaulu, tutazungumza habari za meza. Ukiharibu, utarudi kwenye sufuria zako, na barafu utaiona kwenye glasi."

Kopo la damu ya mzee lilikuwa linaelekea mwisho. Shangazi alilipiga makofi makalioni kama mtoto, mpaka likatoa unga wake wa mwisho. Mifuko tisa ikapatikana: mitatu nyepesi, mitatu ya wastani, mitatu nzito.

Friza ilikuwa moja tu mtaani, ya Mama Soda, ng'ambo ya njia, na humo ndimo Kimya alimokuwa akigandishia tangu mwanzo. Mama Soda mwenyewe alikuwa amekwenda kwa majuma mawili kumwuguza mama yake, na dukani alikaa mdogo wake, msichana mpole kama Kimya. Walikubaliana kwa kutikisiana vichwa. Ila ndani ya friza mlikuwa pia na barafu za juisi ambazo watoto walizinunua, nyekundu na zenyewe, kwenye vifuko hivyohivyo.

"Mwambie Fundi Randa akuandikie alama," alisema Shangazi, "mtoto wa mtu asije akatunywea rangi."

Fundi Randa alikuwa seremala wa chumba cha pili, mwenye penseli sikioni na maneno mdomoni saa zote. Kimya alikwenda hadi mlangoni kwake. Alisimama pale. Alihesabu mbao zote. Kumwomba mtu kulimlemea kuliko kuandika, basi akarudi, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Jina la rangi, uzito wake, na onyo.

Jioni ya siku hiyohiyo, Jumanne, kulitokea ugomvi. Mwenye nyumba yao, ambaye wapangaji wote walimwita Mzee bila kuongeza kitu, alikuwa na paka mweupe aliyempenda kuliko wapangaji. Paka huyo alikatiza kwenye maji ya kusuuzia, akarudi kwa bwana wake na miguu minne ya zambarau.

"Umemfanya nini paka wangu?" alifoka Mzee.

"Si anaitwa paka?" alijibu Shangazi. "Basi kapakwa!"

Mtaa ulicheka, Mzee hakucheka. Maneno yakapanda juu. Mwisho Shangazi akapiga kelele iliyosikika hadi kwenye kona: "Mzee huyu iko siku nitamchemsha pamoja na vitambaa vyangu!" Mzee akaingia ndani, akafunga mlango. Kesho yake hakuonekana.

Alhamisi asubuhi Shangazi alikwenda sokoni kununua magadi. Kimya alikuwa amekwisha panga uzi na kitambaa juu ya nyavu mbili, vyote vimelowa vizuri, upande mmoja umeinuliwa kwa tofali. Kilichobaki ni barafu. Akajifuta mikono, akavuka njia.

Hakufika mlangoni. Ukelele ulimpokea.

"Jamani! Jamani njooni! Njooni mwone nilichowekewa kwenye friza!"

Mama Soda alikuwa amerudi. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji redio. Mdogo wake aliondoka alfajiri bila kusema neno la barafu, maana naye alikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Sasa mifuko tisa ilikuwa kwenye kaunta, juani, myekundu, na Mama Soda alikuwa anaisoma mbele ya watu waliokuwa wakiongezeka.

"Damu ya mzee, nyepesi. Damu ya mzee, ya wastani. Damu ya mzee, nzito." Akaugeuza mfuko. "Damu ya mzee, *usinywe!*"

"Usinywe?" Fundi Randa alifika na vumbi la mbao juu ya kofia. "Kwani nani alikuwa anataka kunywa?"

"Mzee mwenyewe yuko wapi? Nani kamwona?"

Watu wakatazamana.

"Mimi tangu Jumanne sijamwona."

"Na Jumanne si ndiyo waligombana na yule mama wa rangi?"

"Alisema atamchemsha! Nilisikia kwa masikio haya mawili!"

"Labda ni rangi tu," alisema dada mmoja aliyekuja kununua mkate. "Kuna rangi inaitwa damu ya mzee. Hata mimi nina sketi."

"Sketi yako imeandikwa usinywe?" Mama Soda alimuuliza, na dada akaukumbatia mkate wake.

Fundi Randa alinyanyua mfuko mmoja, akaupima mkononi. "Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Na huu kweli umeandikwa nzito."

"Weka chini! Utaacha alama za vidole!"

Mfuko ukatua. Kimya, aliyesimama nyuma ya mabega ya watu, aliona kabla ya mtu yeyote: ulikuwa umepasuka kidogo kwenye pembe. Tone jekundu likatoka, likatambaa kaunta, likadondoka sakafuni. Mifuko mingine ilikuwa inatoka jasho. Kopo nyumbani lilikuwa tupu.

"Nitaimwaga yote mferejini," alisema Mama Soda. "Friza yangu inauza soda, haiuzi wazee."

"Usimwage, ni ushahidi! Tusubiri polisi."

"Tusubiri hapahapa."

"Kwanza nani kaandika? Fundi, si mwandiko wako huu?"

"Mimi naandika vipimo tu, mama. Sentimita sita, sentimita saba. Wazee sijawahi kuwapima."

Macho yakazunguka yakitafuta mwandishi. Yakafika kwa Kimya, yakampita. "Huyo mwacheni," alisema mtu kwa huruma. "Maskini huyo hajui a wala be."

Hapo Kimya akaelewa kwamba ameokoka. Hakuna ambaye angemfikiria. Alichotakiwa kufanya ni kile alichokuwa hodari wa kukifanya kuliko mtu yeyote mtaani, nacho ni kunyamaza. Shangazi angerudi, angefafanua, watu wangecheka, wangetawanyika. Na barafu ingekuwa maji. Na meza ingebaki dirishani.

Tone la pili likadondoka.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Nimeandika mimi."

"Ngojeni," alisema dada wa mkate. "Huyu anasema kitu."

"Kimya anasema?" Fundi Randa alivua kofia. "Basi leo kweli kuna maiti."

Wote wakageuka. Kimya akapiga moyo konde. "Ni rangi. Ni ya Bibi Sindano. Nimeandika usinywe kwa sababu watoto wangedhani ni barafu za juisi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule, na alipoimaliza alishangaa kuona bado amesimama.

Mama Soda alimtikisia kichwa. "Mwanangu, najua unampenda shangazi yako. Lakini usimbebee mzigo. Wewe kusoma hujui."

"Najua."

"Soma basi."

Akasoma mfuko. Damu ya mzee, nzito, usinywe.

"Hiyo umenisikia mimi nikiisoma. Soma ile." Kidole cha Mama Soda kilielekea kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya friza, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, ikageuka manjano kwa miaka.

Kimya aliinua kidole hewani, akakiweka chini ya herufi ya kwanza kwa mbali. Masikio yake yalilisikia tena lile dawati linaanguka. Alilisubiri limalize kuanguka.

"U-si-en-ge-mee," alisoma. "Usiengemee friza."

Kimya kikatanda dukani, na safari hii hakikuwa chake.

"Mama Soda," aliongeza kwa sauti ndogo, "samahani, ile n haitakiwi. Ni *usiegemee*."

Fundi Randa ndiye aliyeanza. "Kumbe!" alipiga kelele. "Miaka mitano nimeegemea friza hii, na sikuwa na hatia! Nilikatazwa kuengemea tu!" Watu wakaangua kicheko, wakashikana mabega, na Mama Soda mwenyewe, baada ya kujaribu kukasirika, akashindwa, akajifunika uso na kanga.

Kimya alikisikiliza kile kicheko. Kilikuwa kinapita pembeni yake. Kilikuwa kinamzunguka bila kumgusa, kama maji yanavyozunguka tofali.

"Rudia."

Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama na mfuko wa magadi kifuani, na uso ambao Kimya hakuwahi kuuona.

"Rudia hilo neno ulilosoma."

Kabla hajarudia, mtu mwingine alipenya kwapani mwa Shangazi. Shavu lake moja lilikuwa limevimba kama limemeza embe, na mdomoni alikuwa na pamba.

"Huna hini haha?" aliuliza, akimaanisha kuna nini hapa.

"MZEE!" Mama Soda aliruka kaunta, au karibu. Alimkumbatia mpaka mzee wa watu akalia.

"Hino," alisema Mzee, akionyesha shavu. Jino. Alikuwa kwa binti yake tangu Jumatano asubuhi, kung'olewa jino.

"Damu ilitoka?" aliuliza Fundi Randa.

"Hingi."

"Nyepesi au nzito?"

Duka likafa kwa kicheko, na katikati ya vurugu hiyo Kimya aliikusanya mifuko yake kifuani, ikimlowesha gauni kwa wekundu mpaka kiunoni, akavuka njia mbio.

Minane ilikuwa mizima, lakini miwili nyepesi ilikuwa imegeuka nusu maji. Hakuwa na muda wa kulia. Aliipanga palepale kama ilivyokuwa. Shangazi aliingia nyuma yake, akaweka magadi chini. Alishika upande wa pili wa wavu wakati Kimya anarekebisha tofali. Wakasimama wakitazama matone.

"Hivi unavyolitega hilo tofali," alisema Shangazi hatimaye, "ndivyo alivyokuwa baba yako na redio zake mbovu." Akaenda kuchemsha maji.

Ijumaa walisuuza pamoja, kwanza kwa maji baridi, kisha ya moto na sabuni, mpaka maji yakatoka meupe. Uzi ulianza na waridi ambayo ilikuwa karibu si rangi, kama ndani ya kiganja cha mtoto. Ukashuka. Katikati, pale ile barafu iliyoyeyuka juani ilipochanganyika kabla ya wakati wake, palikuwa na rangi ambayo hakuna aliyeipanga, kama nyama ya pera lililoiva. Kisha ikakolea, ikakolea, ikaingia kwenye damu ya mzee yenyewe, nzito, iliyotulia. Kitambaa kilifuata njia hiyohiyo, ila kwa mawimbi.

Shangazi alikipitisha kitambaa kwenye vidole, pindo hadi pindo, akitafuta alama. Zilikuwa nyingi.

"Doa," alisema. Akakipitisha tena vidoleni. "Doa zuri."

Bibi Sindano alikuja Jumamosi asubuhi. Alichomoa sindano moja nywelani, akaanza kufuma akiwa amesimama, mkoba begani, mpaka akakumbushwa kwamba ana safari.

Alipoondoka, Shangazi alivuta kigoda chake, akakisogeza kando ya meza ya makopo. Akavuta cha pili, akakiweka pale palipokuwa chake. Akayageuza makopo yote ili majina yaelekee mbele.

"Kaa. Soma."

Kimya alikaa. Akasoma: kijivu, samawati, kahawia, majani mabichi. Kidole kilitangulia, sauti ikafuata nyuma, ikijikwaa kidogo kwenye *hudhurungi*, ikainuka.

"Miaka yote hii," alisema Shangazi, "ulikuwa unanidanganya."

"Sikudanganya, Shangazi. Hukuniuliza. Ulikuwa unawaambia watu."

Shangazi alifunga kopo lililokuwa limefungwa tayari. "Ni kweli," alisema. Kisha, taratibu, kama mtu anayeonja maji ya moto kwa ncha ya kidole: "Kwani kule shuleni ilikuwaje?"

Kimya alitazama nje dirishani. Ng'ambo ya ua, jua lilikuwa limelala juu ya mabati ya Mzee, na juu ya mabati hayo kulikuwa na kitu cheupe kimejikunja, miguu minne iliyopauka kutoka zambarau hadi waridi imetokeza pembeni. Miaka minane. Alivuta pumzi, akainua kidole, akakiweka hewani chini ya kile alichokuwa anakiona.

"Paka," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye sufuria ya mwisho, "amelala juu ya paa."